Mjadala: Katika suala la uso wa Mirihi, Hoagland alibuni nini hasa?

Mwalimu wa Ngarenaro
Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, kuna video yenye sauti ya Kiswahili inayozunguka kwenye makundi ya wazazi, ikimsifu Mmarekani Richard Hoagland kuwa ndiye aliyegundua uso wa binadamu kwenye sayari ya Mirihi, na ndiye wa kwanza kuona kwamba chini ya barafu ya Europa, mwezi wa Mshtarii, kuna bahari. Wanafunzi wangu wanaomba tuionyeshe kwenye klabu ya sayansi. Picha yenyewe ilipigwa na chombo cha Viking 1 tarehe 25 Julai 1976, na NASA waliitoa siku chache baadaye wakieleza kwamba vivuli ndivyo vilivyokipa kilima kile sura ya uso. Walioichambua upya kwa kompyuta, wakaipata na picha ya pili iliyopigwa jua likiwa limepanda zaidi, ni wahandisi Vincent DiPietro na Gregory Molenaar, waliochapisha kazi yao mwaka 1982. Kitabu cha Hoagland kilitoka 1987. Alichoongeza ni habari za mji na piramidi kando ya kilima. Tena mwenye chaneli amegonga jina lake juu ya picha ya NASA, kana kwamba kukoleza vivuli kunampa mtu umiliki.

Mpiga Picha wa Soweto, Moshi
Shikamoo Mwalimu. Nimekusoma kwa heshima hadi sentensi ya mwisho, ambayo imenigusa pabaya, kwa maana kukoleza vivuli ndiko kunakolisha nyumba yangu. Kampuni moja ya utalii iliwahi kuchukua picha yangu ya Kibo na kuitia kwenye matangazo yake, na nilipodai nikajibiwa kwamba mlima ni wa wote. Mlima ni wa wote, ndiyo, lakini baridi ya saa kumi na moja alfajiri niliyoisimamia peke yangu ni ya nani? Naomba usiwafundishe watoto kwamba anayehariri picha hafanyi kazi.

Mjukuu wa Kibosho
Mimi nina neno juu ya huyu mnayemsulubu. Hoagland amewataja DiPietro na Molenaar ndani ya kitabu chake, na kwa kirefu. Aliyewafuta ni mwenye video. Kuhusu Europa, Arthur C. Clarke mwenyewe, yule mwandishi wa hadithi za sayansi, alimshukuru kwa maandishi kwa wazo la viumbe kwenye bahari ile. Hata ule ujumbe wa chombo cha Voyager kwa viumbe wa mbali ulitokana na wazo lake. Au kosa lake ni kukosa shahada?

Mwalimu wa Ngarenaro
Hakuna aliyetaja shahada hapa, kijana wangu. Na si Voyager. Ni bamba la ujumbe la chombo cha Pioneer 10, kilichorushwa Machi 1972, lililobuniwa na wanaastronomia Carl Sagan na Frank Drake. Ni kweli kwamba makala yao inawataja Eric Burgess na Hoagland kuwa ndio waliotoa pendekezo la awali la kupeleka ujumbe, nami simnyang'anyi mtu haki yake. Lakini makala ya Hoagland juu ya Europa ilitoka Januari 1980, ilhali wanasayansi Cassen, Reynolds na Peale walikuwa wamekwisha kuchapisha mwaka 1979 hesabu zao za joto linalotokana na mvuto wa Mshtarii, ambalo lingeweza kuzuia maji yasigande yote. Bahari, kwa hiyo, ilikuwa imekwisha kujadiliwa. Yeye aliweka samaki.

Mjukuu wa Kibosho
Kuweka samaki ndiko kubuni kwenyewe, Mwalimu. Nawe hujanijibu kuhusu wahandisi.

Wakili Mstaafu, Sakina
Niruhusuni nirudi kwa huyu mpiga picha, maana ameuliza jambo zito kuliko mnavyodhani. Kwa sheria ya Marekani, kazi inayofanywa na watumishi wa serikali ya shirikisho katika utumishi wao haina hakimiliki nchini humo; ndiyo maana picha za NASA hutumiwa na yeyote, ingawa shirika huomba litajwe. Anayezihariri anaweza kudai kile tu alichokiongeza kwa ubunifu wake, si picha iliyo chini yake, na kubonyeza kitufe cha kukoleza vivuli ni vigumu kukiita ubunifu mbele ya jaji. Picha za chombo cha Ulaya, Mars Express, kilichopiga mwaka 2006 eneo lilelile la kilima, liitwalo Cydonia, zina wenyewe na zina masharti. Sheria yetu Na. 7 ya mwaka 1999 nayo hailindi wazo, hulinda namna lilivyoelezwa. Basi uso wa Mirihi hauna mwizi mahakamani. Picha yako ya Kibo, kijana, hiyo ina mwizi.

Mpiga Picha wa Soweto, Moshi
Nashukuru sana, mzee wangu. Lakini je, nikikaa siku nzima naondoa ukungu kipande kwa kipande, hicho nacho ni kitufe?

Dada wa Njiro
Samahanini, mbona hakuna anayetaja picha za 1998 na 2001? Chombo cha NASA, Mars Global Surveyor, kilipopita juu ya kilima kile mwaka 2001, kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, ilibeba takriban mita moja na nusu, badala ya mita karibu 45 za Viking, na kilichoonekana ni mlima uliomomonyoka wenye kingo za miamba. Hoagland aliendelea kuutetea uso hata baada ya hapo. Mnagombania umiliki wa kitu ambacho hakipo.

Mjukuu wa Kibosho
Kama hakipo, Dada, Mwalimu aliogopa nini mpaka akafungua mjadala?

Wakili Mstaafu, Sakina
Kijana wa Soweto, kuondoa ukungu kipande kwa kipande kuna hoja, maana kila kipande umekiamua wewe. Tunza nakala ya awali pamoja na ile uliyoihariri, kisha kamwone afisa wa hakimiliki kabla hujamwandikia mtu barua.

Mwalimu wa Ngarenaro
Mjukuu, nimesikia kuhusu wahandisi. Video sitaionyesha, nitawabandikia watoto picha za 1976 na 2001 ukutani, kila moja na jina la chombo kilichoipiga, na Dada wa Njiro nakuomba uje ueleze hizo pikseli.

Mpiga Picha wa Soweto, Moshi
Na atakayezichapisha atajwe pia.