Barua ya maandamano Lubumbashi: tutaje kifungu gani?

Jamani, naomba ushauri wa wanasheria na wazoefu.

Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006, kifungu cha 26, inadai waandaaji wa maandamano *wajulishe* mamlaka kwa maandishi, basi. Sheria ya utekelezaji iliyoahidiwa na kifungu hicho bado haijatangazwa, kwa hiyo ofisini wanarudi kwenye dekreti-sheria (amri ya serikali yenye nguvu ya sheria) nambari 196 ya 29/1/1999, ya kabla ya katiba hii, yenye mambo ya ruhusa.

Barua huharibika mapema: kichwa kikisema "kuomba ruhusa", mmejifunga wenyewe. Andikeni "taarifa", mtaje tarehe, saa, njia na waandaaji, mpeleke nakala mbili. Moja irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri hamna ushahidi.

Sasa maswali. Karani wa meri (ofisi ya meya) akikataa kugonga muhuri, uisye (afisa wa mahakama anayepeleka hati) apeleke barua siku ileile, au kwanza turudi na mashahidi? Na kifungu cha 221, kinachoacha sheria za zamani zidumu ikiwa tu hazipingani na Katiba, tukitaje ndani ya barua yenyewe au tukiweke akiba kwa hakimu? Mimi naona kukitaja mapema ni kutafuta ugomvi.