Tupeane uzoefu: kukataa kuongezewa njia na mengine ya leba

Mwanzisha mada, Igoma
Wadau, hapa Mwanza akina mama wengi wanaingia leba wakidhani kila wanachofanyiwa ni lazima. Wakunga mliomo humu, kipi mama anaweza kukikataa, na anakisemaje?

Mkunga, Kirumba
Naanza na kuongezewa njia, yaani kukatwa msamba ili mtoto apite, hapo ndipo wengi wanaumizwa bure. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2018 kwamba si jambo la kumfanyia kila mzazi. Uzazi wa kwanza peke yake si sababu. Sababu ni kama mapigo ya moyo wa mtoto kushuka chini ya 110 kwa dakika na kugoma kurudi, kichwa kikiwa kimeshafika mlangoni. Vinginevyo, kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye msamba kinasaidia sana. Kichwa kinapotokeza, mama aache kusukuma, aheme pumzi fupi fupi ili ngozi ivutike taratibu. Ikilazimika kukatwa, dai ganzi, na isubiriwe dakika chache ishike. Kosa la kila siku ni sindano na mkasi kufuatana papo hapo. Wakati wa kushonwa, ganzi tena!

Nesi mstaafu, Nyegezi
Dripu ya uchungu na kupasuliwa chupa: njia ikiwa haijafunguka kufikia sentimita 5, na mama na mtoto wako salama, hakuna haja ya kuharakisha. Kupimwa njia kila saa nne kunatosha. Mwanafunzi akitaka kupima, akuombe wewe.

Na hili la huku kwetu Usukumani: ukiwa umekunywa dawa ya kienyeji ya uchungu, sema, hata kama unaogopa kufokewa. Dripu ikiongezwa juu yake, mfuko wa uzazi unabana bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na mfuko unaweza kupasuka.

Mkunga, Kirumba
Kunyolewa na kuingizwa maji ya sabuni njia ya haja kubwa havina faida, kataa. Kulala chali si sheria. Chuchumaa, piga magoti au lala ubavu. Kukandamizwa tumbo ili mtoto atoke, hapana kabisa.

Mwanzisha mada, Igoma
Na anasemaje bila kugombana?

Nesi mstaafu, Nyegezi
"Sista, sababu ni nini? Tukisubiri nusu saa kuna hatari gani?" Jibu lisipokuridhisha: "Hilo siridhii, naomba liandikwe kwenye faili." Uchungu ukikolea maneno hayatoki, kwa hiyo yasemwe mapema kliniki, na ndugu atakayekusindikiza ayajue. Ukikataa kimoja, bado una haki ya kuhudumiwa mengine yote, na unaweza kubadili mawazo.

Ila sindano ya oksitosini, yuniti 10 pajani mtoto akishatoka, nawasihi msiikatae. Haki hiyo mnayo, lakini inazuia damu kumwagika, na ukijifungulia zahanati ya kisiwani, damu ya kuongezewa iko ng'ambo ya maji.