Mtoto wa miaka 3 anachanganya rangi, nimfundisheje?

mama_wawili: Jamani habari zenu, mwanangu ana miaka 3 kila kitu kwake ni "nyekundu", hata majani ya mgomba nyekundu, na hela ya matoi ya dukani sina, nyie mnafanyaje?

mwl_chekechea: Pole mama, umri huo wengi wako hivyo usimkaripie. Chukua trei ya mayai, paka vishimo rangi, mpe vifuniko vya chupa za maji na soda aweke kila kimoja kwenye rangi yake. Anza na rangi mbili tu, akizishika ndo uongeze. Na ukae naye hapohapo, vifuniko wanameza hao.

bibi_tanga: Wajukuu zangu nawafundishia jikoni mwanangu. Rangi zetu zinajitaja zenyewe, kijani ni jani, kahawia ni kahawa, kijivu ni majivu, manjano ndo hiyohiyo tunayotia kwenye mchuzi. Namkorogea na maji kidogo achore kwa kidole kwenye karatasi, basi kidole kinabaki njano mpaka kesho anamuonyesha kila mgeni.

mama_wawili: Asante sana bibi, tumekoroga jana, leo asubuhi kashika ndizi mbivu kasema "njano" mwenyewe bila kuulizwa, nimefurahi mno!