Tupeane uzoefu: Michezo ya redio ya makaboi wa zamani, ni shujaa gani wa bastola aliyekugusa?

Msikilizaji wa Usiku (mleta mada):

Wakuu, habari za wakati huu. Humu tumo wengi tuliolelewa na redio, kwa hiyo hamtashangaa nikisema siku hizi silali kabla sijasikiliza mchezo mmoja wa redio wa Kimarekani wa miaka ya 1950. Naongelea zile hadithi za magharibi ya Marekani: farasi, vumbi, sherifu na majambazi, zilizorushwa kabla televisheni haijatwaa sebule za watu. Rekodi zake zimejaa mtandaoni.

Yangu ni Gunsmoke. Ilianza kwenye mtandao wa redio wa CBS Aprili 1952, ikaisha Juni 1961. Norman Macdonnell aliyeitayarisha na John Meston aliyeandika sehemu kubwa ya hadithi zake walitaka kaboi wa watu wazima, si wa watoto. Shujaa ni marshali, yaani msimamizi wa sheria, Matt Dillon wa Dodge City, Kansas, miaka ya 1870, na sauti ni ya William Conrad, nzito, inatoka chini kabisa kifuani.

Kuna kipindi kinaitwa "Bloody Hands". Dillon anaua majambazi kadhaa kwa mpigo, na hakuna shangwe inayofuata. Anaichukia mikono yake mwenyewe. Anavua beji, anakwenda zake mtoni kuvua samaki. Msaidizi wake, Chester, anamfuata huko: kuna mwanamke ameuawa, na mjini hakuna wa kumkabili muuaji. Chester anasema wazi kwamba angekuwa anaiweza kazi ile angekwenda yeye. Dillon anarudi. Mawazo yake kuhusu kuua hayajabadilika, anarudi kwa sababu lazima mtu aifanye na yeye ndiye anayeiweza.

Kwangu heshima ya hawa watu iko hapo, kwenye mzigo anaobaki nao mtu baada ya risasi kutoka. Kwenye sinema aliyepigwa anaanguka na picha inahama. Redioni unabaki na pumzi za aliyefyatua.

Haya, kila mmoja alete yake.

Dereva wa Masafa:

Mkuu, asante kwa uzi huu. Naendesha lori huku Marekani, na redio ya setilaiti ina chaneli nzima ya michezo ya zamani. Dodge City yenyewe nimeipita mara nyingi. Kabla hujaiona unaisikia kwa pua: mazizi makubwa ya kunenepeshea ng'ombe, halafu viwanda vya nyama ambamo wapo Waafrika wenzetu wengi wanaosimama na visu zamu nzima. Boot Hill, palipokuwa makaburi ya zamani ya mji, pana makumbusho, wamejenga upya safu ya maduka ya mbao kama ya zamani. Watalii wanapiga picha.

Nilipofika pale ndipo hadithi zilipoanza kuniingia. Ng'ombe walikuwa wanaswagwa kutoka Texas hadi kwenye reli ya Kansas, safari ya miezi. Vijana wanafika mjini na vumbi lao, wanalipwa ujira wote kwa mara moja, pombe ipo, bastola iko kiunoni. Mji kama huo usipokuwa na mtu wa sheria anayeheshimika, haukaliki.

Kipindi changu ni "The Cabin". Nilikisikiliza barabara ikiwa imefungwa kwa theluji, nimeegesha, injini inaunguruma ili kibanda kisipoe, nje sioni hata taa ya lori la mbele. Na Dillon naye ndani ya hadithi amekamatwa na dhoruba ya theluji! Anabisha kwenye nyumba ya mtu. Ndani kuna wanaume wawili na binti, na baba wa binti wameshamuua. Unayajua hayo polepole, kwa vile binti anavyojibu maswali. Dillon anawaua wote wawili. Wakati wa kuagana anamsihi asije akawa na uchungu na dunia nzima, wanaume wema wapo. Binti anamjibu kwa maneno machache yasiyo na imani hata chembe, na kipindi kinaisha.

Niliizima redio nikakaa kimya muda mrefu. Dillon alimtoa mikononi mwa wale watu, lakini alichonyang'anywa yule binti hakuna bastola ya kukirudisha. Walioandika waliliona hilo na hawakulifunika.

Mama Wawili Nakuru:

Mimi nitawapinga kidogo. Watoto wangu nawasikilizisha The Lone Ranger, mchezo wa shujaa aliyefunika uso, na sioni aibu kupenda shujaa msafi. Yeye hapigi kuua. Anapiga silaha itoke mkononi mwa adui, anamkabidhi kwa sheria, anaondoka kabla ya kushukuriwa. Ilianzia stesheni ya WXYZ, Detroit, mwaka 1933, wakati watu wamefilisika na mdororo wa uchumi, na mtoto wa mtu asiye na kazi alihitaji kusikia kwamba haki ipo.

Kuna jambo linaloniliza. Aprili 1941 Earle Graser, aliyekuwa sauti ya shujaa, alikufa kwenye ajali ya gari. Waandishi wakamfanya Ranger ajeruhiwe vibaya. Kwa vipindi kadhaa akawa hawezi kusema, ananong'ona tu, wenzake wanabeba hadithi, mpaka alipopata nafuu kwa sauti ya Brace Beemer. Waliwaza namna ya kuwavusha watoto kwenye ule msiba bila kuwavunja moyo. Huo nao ni uungwana.

Fundi Mitambo Mstaafu:

Salaam kwenu wanangu. Nimefanya kazi studio miaka mingi, michezo ya kuigiza imepita mikononi mwangu. Kwato za farasi ni vifuu vya nazi, wao walitumia na sisi tulitumia. Unaweka sinia la mchanga na kokoto, vifuu viwili mkononi, na kazi yote iko kwenye kiwiko: farasi anayetembea ana mapigo manne, anayekimbia ana mapigo matatu na pengo. Ukilikosa pengo, msikilizaji hajui kilichoharibika, ila haamini tena.

Sasa wasikilizeni mafundi wa Gunsmoke: Tom Hanley, Ray Kemper, Bill James. Dillon anatoka ofisini. Buti kwenye mbao, spazi, vile vyuma vya kwenye visigino vya buti, zikilia kidogo, mbwa anabweka mbali, watoto wanaitana kichochoroni. Hakuna mtu anayesema kitu! Michezo mingine ya wakati huo ilijaza kila upenyo kwa maneno au muziki. Hawa waliuachia ukimya ufanye kazi, na kwa hiyo risasi ikilia inakushtua kweli, na baada yake unasikia mtu akikata roho. Mkurugenzi anayeruhusu hilo anamheshimu msikilizaji.

Binti wa Kisauni:

Shikamoo mzee wangu, darasa zuri. Naongezea la upande wangu. Tafuteni kipindi cha mwaka 1952 kinachoitwa "Kitty". Dillon anampeleka dansini Kitty, yule wa baa, sauti ya Georgia Ellis, na watu waheshimiwa wa mji wanamtenga mbele ya macho yake. Mwanamume mwenye bastola anayeogopwa na wote hana cha kufanya. Atampiga risasi nani? Nilikuwa nafunga duka nikasimama na kufuli mkononi mpaka kikaisha.

Ila tuseme na lingine. Wenyeji wa ile ardhi kwenye michezo hii mara nyingi waliigizwa na wazungu, na Tonto, mwenzake Lone Ranger na rafiki mwaminifu kuliko wote, aliandikiwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika. Napenda hadithi hizi na linaniuma kila mara. Mama Wawili, watoto wako waambie.

Mama Wawili Nakuru:

Nawaambia, dada. Mkubwa ndiye aliyeniuliza kwa nini Tonto anaongea vile.

Mwalimu wa Mapumziko:

Hakuna aliyemtaja Britt Ponset? The Six Shooter, redio ya NBC, 1953 hadi 1954, vipindi 39 tu. Anayeigiza ni James Stewart, yule wa sinema, na anasimulia polepole, anasitasita kama mtu anayetafuta neno lisilomuumiza mwenzake. Ponset ni mzururaji. Kila mji umesikia sifa za bastola yake na kila mji kuna kijana anayetaka kumjaribu, na yeye kazi yake kubwa ni kumzungumzisha huyo kijana mpaka aende nyumbani kwao akiwa hai. Kipindi cha Krismasi anakutana na mtoto aliyetoroka kwao, anamsimulia ile hadithi ya Krismasi ya Dickens kuhusu bahili, ila bahili wake ni mtu wa magharibi. Hakuna bastola inayotolewa. Kwangu ndiye mkubwa wa wote, na sitanii.

Msikilizaji wa Usiku:

Mwalimu, nakubaliana nawe nusu. Ponset anaweza kuondoka kesho yake asubuhi. Dillon anaamka mji ule ule, na mjane wa aliyemuua anamkuta dukani.

Wa Paladin, yule mpiga bastola wa kukodiwa, mko wapi? Have Gun – Will Travel, hoteli ya Carlton, San Francisco, dola 1,000 kwa kazi, na bado anaweza kumgeuka aliyemlipa akigundua hana haki. Ilianza televisheni 1957 ndipo ikaja redioni 1958, kinyume na nyingine zote tulizotaja. Nataka kusikia kwa mtu anayemfahamu vizuri John Dehner, sauti ya Paladin redioni, maana ndiye pia aliyekuwa mwandishi wa habari Kendall kwenye mchezo wa Frontier Gentleman, na hapo nina maswali.

Dereva wa Masafa:

Kendall nimemsikiliza sana, mkuu. Nikishusha mzigo Denver nitakuandikia kirefu.