Binti wa dada anataka kuhamia kwangu: barua ya chifu, mapatano au mahakama?

MamaMdogo_Umoja
Habari zenu. Binti wa dada yangu ana miaka 15 na anataka kuishi nami hapa Umoja, Nairobi. Dada amepata kazi Doha, anasafiri mwezi ujao, naye ameridhia. Baba mtoto yuko Eldoret. Hawakuoana, ila jina lake limo kwenye cheti cha kuzaliwa. Wengine wananiambia barua ya chifu inatosha, wengine tuandikiane kwa wakili, wengine niende kortini moja kwa moja. Ipi itanifaa shuleni na hospitalini, na baba asije akaniletea polisi?

Otis_Donholm
Barua ya chifu ichukue, inaonyesha unakaa wapi na mtoto anakaa na nani. Lakini chifu hana uwezo wa kumpa mtu ulezi.

Wakili_Makini
Dada, anza na baba. Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Ridhaa ya mama peke yake haitoshi.

Baba akikubali, mapatano ya maandishi ndiyo njia nyepesi. Yataje mtoto ataishi kwa nani, karo italipwa na nani, nani atatia sahihi fomu za shule na za matibabu, na likizo ataenda wapi. Wazazi wote wawili watie sahihi na waape mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, kisha nakala umpelekee afisa wa watoto wa eneo lako. Udhaifu wake ni kwamba yanategemea hiari: baba akigeuka, hayana nguvu ya amri ya mahakama.

Akikataa, nenda Mahakama ya Watoto pale Milimani. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, masilahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia, na binti wa miaka 15 atasikilizwa kulingana na umri na ukomavu wake, ingawa si yeye anayeamua. Afisa wa watoto anaweza kuagizwa aje kwako, aone analala wapi, kisha aandikie korti ripoti.

Ukishauriwa umwasili, kataa. Kuasili kunawaondolea wazazi haki zao, na dada yako bado ni mama yake.

NyokabiK_KahawaWest
Mimi nalea kijana wa kaka yangu. Usiku alipougua kidole tumbo, daktari wa zamu aliniuliza mimi ni nani kwake kabla ya kunipa fomu ya upasuaji. Nikatoa hati ya kiapo ya kaka pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Wakampigia simu kuthibitisha, nikatia sahihi.

Baba_Wawili
Mmemuuliza binti kwa nini anataka kuhama? Kama kuna kipigo au mtu anayemsumbua, usingoje sahihi ya yeyote. Piga 116, simu ya kuwasaidia watoto, ni bure, saa 24.

MamaMdogo_Umoja
Asante, nimekaa naye tukaongea. Hakuna dhuluma, anaogopa tu kuachwa kwa majirani. Shida ni kwamba babake hashiki simu zangu. Naweza kupitia kwa nyanyake?

Wakili_Makini
Pitia, na uhifadhi jumbe zote pamoja na tarehe, maana korti itataka kujua kama alitafutwa. Dada yako naye aape wiki hii, kabla hajaanza pilkapilka za safari.