Mrejesho: sensa za upepo wa tairi, Nissan 370Z ya 2010 (Nakuru)

Asanteni sana wadau. Niliuliza kama lazima ninunue sensa nne za Nissan kwa sh. 66,000, taa ya manjano ikimweka kama dakika moja kisha inabaki imewaka. Mlisema kumweka ni hitilafu ya mfumo, si upepo kupungua. Ni kweli: betri za sensa zote zilikuwa zimekufa, na zimefunikwa kwa plastiki, hazibadilishwi.

Nilifuata ushauri wa sensa tupu za kuandikwa namba ya utambulisho, ambayo gari huitambua. Gari lilitoka Uingereza, kwa hiyo masafa ya redio ya sensa ni 433 MHz. Za 315 MHz, ambazo wauzaji wengi huzitoa kwanza, hazisomeki kabisa. Sensa moja sh. 4,500, kazi na balansi sh. 800 kwa gurudumu. Jumla sh. 21,200.

Sensa iliyokufa haitoi namba hewani, lakini imechapishwa kwenye ganda lake. Fundi alinakili tatu hivyo, na gari likazikubali bila kusajiliwa upya.

Ya nne imekataa. Gundi ya pancha ilikuwa imekula maandishi, ikabidi sensa ipewe namba mpya, na hiyo lazima isajiliwe kupitia soketi ya OBD (ya kuchomeka mashine ya kupima gari). Mashine ya hapa haiufikii mfumo wa sensa za tairi kwenye gari hili, kwa hiyo taa bado inamweka. Natafuta mwenye Consult (mashine ya Nissan ya kupima gari), Nakuru au Kisumu.

Mpaka hapo ni geji ya mkono, psi 35 tairi zikiwa baridi. Nati za valvu msizikaze kwa nguvu, alumini hukatika.