Mjadala: Maktaba ya HTTP ina haki gani ya kubadili herufi za heda nilizoandika?

Mleta mada

Wakuu, naomba tujadili hili bila kurushiana namba za RFC (nyaraka za viwango vya intaneti) tu. Kwenye msimbo nimeandika jina la heda (mstari wa maelezo unaoambatana na ombi la HTTP) X-API-KEY, herufi kubwa zote, kwa sababu mwongozo wa seva ninayoiita umeandika hivyo. Kinachotoka kwenda kwenye mtandao, baada ya kupita kwenye maktaba (msimbo wa tayari unaotuma maombi), ni kitu kingine. Go inaigeuza kuwa X-Api-Key. Moduli ya urllib.request ya Python inabakiza herufi kubwa ya kwanza tu: X-api-key. Maktaba ya hyper ya Rust, usipoigusa mipangilio yake, inazishusha zote: x-api-key. Lugha tatu, tahajia tatu, na hakuna hata moja iliyo yangu. Seva ya upande wa pili inalinganisha jina herufi kwa herufi, kwa hiyo inanijibu 401 (hujatambuliwa) ilhali ufunguo wangu ni halali.

Kiwango nakijua. Tangu RFC 1945 ya mwaka 1996 hadi RFC 9110 ya 2022, ukubwa wa herufi kwenye jina la heda hauna maana yoyote. Sibishani na hilo. Lakini hapo anayeambiwa asijali ni mpokeaji. Mtumaji hajaagizwa kubadilisha chochote kwenye HTTP/1.1 (toleo lililotangulia HTTP/2). Kama kwa mpokeaji mwema yote ni sawa, kuziacha herufi nilivyoziandika hakumuumizi mtu, na kuzibadilisha kunamuumiza anayelazimika kuongea na seva mbovu. Msimamo wangu: kwenye HTTP/1.1, chaguomsingi liwe kutuma kama ilivyoandikwa.

Bawaba

Mkuu, mwenye seva mbovu ndiye anayepaswa kuumia. Kila tukimfunika, kasoro yake inageuka sheria ambayo haijaandikwa popote, na atakayekuja kuandika maktaba mpya kesho atalaumiwa kwa kufuata kiwango.

Halafu unajenga juu ya mchanga. HTTP/2 ilipotoka mwaka 2015 ilifunga mlango huu: majina yote ya heda ni herufi ndogo, na ombi lenye herufi kubwa linahesabika kuwa lina kasoro. HTTP/3 ni hivyo hivyo. Na toleo si wewe unayeliamua peke yako, pande mbili hukubaliana wakati wa kufungua muunganisho wa TLS (uliosimbwa). Siku wataweka mbele ya seva hiyo kifaa kinachozungumza HTTP/2, X-API-KEY yako itashushwa tu hata maktaba iwe tiifu namna gani.

Msoma Logi

Bawaba unaongea kama mtu asiyelala na simu ya zamu. HAProxy, programu ya proksi (inakaa katikati na kupitisha maombi), ina mpangilio wa h1-case-adjust: unaorodhesha majina ya heda na umbo unalolitaka, kisha unauwasha kwa upande wenye tatizo tu. Envoy, proksi nyingine, hushusha herufi kwa kawaida yake, lakini nayo ina namna ya kuhifadhi umbo la awali. Hakuna anayeandika na kutunza mipangilio ya namna hiyo kwa kujifurahisha. Waliandika kwa sababu kuna vifaa vya zamani ambavyo programu yake haitaguswa tena na mtu yeyote, na wenye kuvitegemea bado wana kazi ya kufanya leo.

Uzi na Sindano

Naona tunachanganya kazi mbili: kutafuta heda na kuandika heda. Go hubadilisha jina kwa sababu heda zake zimekaa kwenye jedwali la kawaida, na Get, amri yake ya kutafuta heda, inahitaji umbo moja ili ipate kitu. Njia ya kukwepa ipo, tena nyaraka zinaitaja: weka thamani moja kwa moja kwenye jedwali, req.Header["X-API-KEY"], nayo itatoka hivyo hivyo. Ila Get haitaiona tena. Ndiyo maana siipendi.

Maktaba ya Requests ya Python imezitenganisha kazi hizo. Inatafuta bila kujali ukubwa wa herufi, lakini inakumbuka umbo la mwisho uliloweka. Node (ya JavaScript) nayo, kwa upande wa kupokea, inakupa headers zilizoshushwa na rawHeaders zilivyofika. Kwa hiyo anayesema haiwezekani hajatazama majirani.

Ugumu wa kweli uko kwa proksi. Ikipokea heda ileile mara mbili, mara kwa herufi kubwa na mara kwa ndogo, itoe umbo lipi? hyper, ukiiwashia kuhifadhi, inabeba maumbo ya awali pembeni ya heda zenyewe. Ni kumbukumbu ya ziada kwa kila ombi, na wengi hawana haja nayo.

Kipanga

Tusisahau kundi jingine linalotaka hili: wanaoandika roboti za kujifanya kivinjari. Umbo na mpangilio wa heda hutumika kuwatambua. Chrome kwenye HTTP/1.1 hutuma User-Agent kwa herufi mchanganyiko na sec-ch-ua kwa ndogo, mwigaji mvivu hukamatwa hapo. Sisemi wanyimwe, nasema tu tujue nani mwingine anashangilia.

Mleta mada

Kipanga, kisu cha jikoni nacho hutumiwa vibaya. Tuendelee.

Bawaba, anayeumia si mwenye seva. Yeye hata hajui kama kuna ombi lililokataliwa. Ninaumia mimi na mteja wangu. Kuhusu HTTP/2 umeshinda, ndiyo maana nilitaja HTTP/1.1 tu.

Bawaba

Swichi nakubali. Chaguomsingi sikubali. Iwe imezimwa, na uiwashe kwa anwani ile moja inayokusumbua. Ukiiacha wazi kwa wote, programu za watu zitaanza kutegemea umbo la herufi bila wao kujua, na siku ya kuhamia HTTP/2 ndiyo watagundua.

Na swali moja: wewe ukiwa mpokeaji, unalinganishaje?

Mleta mada

Nashusha zote, kisha natafuta. Ninachobishania ni kutuma. Na swichi ya anwani moja moja naichukua, ila iwe kwenye ukurasa wa kwanza wa nyaraka.